Miaka 22, spana mkononi: niende VETA au nikomae gereji?

Kuna kijana wa Mwanza kaniandikia, nalifupisha swali lake kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina miaka 22, form four nilipata D mbili. Niko gereji mwaka wa pili, najua sevisi, breki, bushi, na injini nimeshashusha mara tatu nikiwa na bosi. Bosi ananipa elfu tano ya kula siku kazi ikiwepo. Mama ameuza mpunga ana laki sita anataka nikasome ufundi, baba anasema ufundi ni wa waliofeli, bosi naye anasema VETA wanafundisha makaratasi. Afu magari ya umeme yanakuja, si tutakosa kazi? Wiki iliyopita tulipata IST ina taa ya cheki injini, mashine ikasema P0171, tukabadilisha oksijeni sensa, siku mbili taa ikarudi na mteja kaja kutugombeza mbele za watu. Nishauri."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hayo ya mteja. Nianze na hiyo IST kabla ya VETA, maana jibu la maswali yako karibu yote limo humohumo kwenye hiyo gari.

P0171 haijasema oksijeni sensa imekufa. Imesema mchanganyiko ni mwembamba, yani hewa ni nyingi kuliko petroli, basi. Injini ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, na ile sensa imekaa kwenye bomba la moshi inanusa kilichobaki na kumpelekea taarifa kontroli boksi, yani kompyuta ya injini. Kontroli boksi ikiambiwa hewa imezidi inaongeza petroli, inaongeza tena, inaongeza, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake na bado taarifa ni ileile, hapo ndo inawasha taa na kuandika hiyo namba. Sasa nyie mkaenda kuitoa sensa iliyokuwa inasema kweli. Mjumbe hauawi, na hapo mlimuua mjumbe kwa hela ya mteja.

Hewa ya ziada inapita wapi? Injini ya IST ya 1500 ni 1NZ, na hizi zina kitu nimekiona mara nyingi sana, gasketi ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, inakauka na kuwa ngumu kama plastiki, asubuhi injini ikiwa ya baridi inavuta hewa pembeni, ikipata moto inatanuka kidogo na mvujo unapungua. Kuna mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye busta ya breki. Kuna ule mpira mkubwa mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye chujio kwenda throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, hizi gari nyingi ni za 2002 kuja 2007, mpira umeshazeeka na unapasuka upande wa chini kwenye mikunjo ambako ukifungua boneti huoni kitu, lazima uutoe uukunje kwa mikono ndo mpasuko unafunguka. Au hakuna hewa inayovuja kabisa, ni pampu ya petroli imechoka, au sensa ya kupima hewa, ile MAF, imeshika uchafu inatoa hesabu ya uongo.

Unatofautishaje bila kununua chochote? Mashine hiyohiyo mliyosomea namba ina sehemu ya kuangalia data injini ikiwa inanguruma, tafuta mstari wa fueli trimu, ni asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza. Angalia gari ikiwa sailensa, yani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, andika. Kanyaga ishike mizunguko 2500 kwa dakika, andika. Kama sailensa iko juu, tuseme +25, na kwenye 2500 inashuka inakaribia sifuri, hewa inaingia baada ya throto, kwa sababu sailensa injini inavuta hewa kidogo sana kwahiyo hata mvujo mdogo ni sehemu kubwa ya hiyo hewa, ukikanyaga injini inavuta nyingi na mvujo uleule unakuwa si kitu. Ikiwa kinyume chake, sailensa iko vizuri ila ukikanyaga inapanda, petroli haifiki ya kutosha au MAF inadanganya. Ule mpira wa kabla ya throto unaweza kukuchanganya ukaonyesha hivi au vile, ndo maana nimesema huo utoe uukague kwa mikono. Hiyo kazi yote ni dakika kumi na haijala hata mia.

Sasa nikwambie ukweli, hayo niliyokueleza sikuyapata gereji.

Nilianza kushika spana Dar mwaka 1998 na nilikaa miaka saba chini ya mafundi wazuri sana, watu ambao wakisikiliza injini inavyounguruma wanakwambia valvu ya silinda ya ngapi haikai vizuri na kweli ukifungua unaikuta. Nawaheshimu mpaka leo. Ila wao walijifunza enzi za kabureta na platini, enzi ambazo sikio na bisibisi vilitosha, na walipoanza kuja magari ya kontroli boksi wengi wakawa wanakisia, unabadilisha koili, ikigoma unabadilisha plagi, ikigoma nozeli, ikigoma unamwambia mteja atafute kontroli boksi ya used. Mteja analipia vitu vinne ndo anapata kimoja kilichokuwa kibovu, wakati mwingine hakipati kabisa. Hawakunificha kitu, walinipa chote walichokuwa nacho. Sababu ya kitu kufanya kazi namna inavyofanya nilikuja kuikuta darasani nikiwa mtu mzima, kwenye somo la umeme, mwalimu alipochora betri, waya na taa ubaoni na kutuuliza ule umeme unaopotea njiani umepotelea wapi. Siku ile nikakumbuka magari sita saba niliyowahi kuyaharibia wenyewe hela zao. Sikulala vizuri.

Kwahiyo bosi wako na mama yako wote wana haki, kila mmoja ameshika upande wake. Ni kweli wapo vijana wanatoka chuo na cheti safi na ukimpa boliti iliyoshika kutu anaikata kichwa, nimewapokea fildi nawajua. Chuo kina magari machache, wanafunzi wengi, unakuta watu kumi na tano wanaangalia giaboksi moja na anayeshika spana ni mmoja. Ila hilo ni tatizo la anayeingia chuo mikono mitupu. Wewe unaingia na miaka miwili ya grisi, mwalimu akisema tairodi endi wewe unaiona kichwani, akisema shinikizo la silinda unakumbuka ile Noah iliyokuwa inakula oili, kila somo linapata mahali pa kukaa. Mtu kama wewe ndo chuo kinamfaa kuliko wote.

Halafu kuna suala la cheti chenyewe. Mimi niliajiriwa kampuni moja ya malori nikiwa sina karatasi hata moja, nikafanya kibarua miaka minne, nashusha giaboksi za malori, naamshwa saa nane usiku lori limekwama Mikumi naenda. Akaja kijana ana cheti, nikamfundisha kazi mwenyewe, baada ya miezi sita yeye kapewa mkataba, bima, na mshahara karibu mara mbili ya wangu. Nilipouliza nikaambiwa faili langu halina cheti na hawawezi kunipandisha. Hawakunitukana wala nini, ila niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sitaki upite hapo.

Sasa njia zenyewe. Kwanza hizo D mbili usizidharau, D mbili ni division four, una cheti cha kidato cha nne, na ukiangalia matangazo ya kazi za udereva na ufundi serikalini karibu yote yanaanza na "awe na cheti cha kidato cha nne" ndo wanakuja kwenye cheti cha ufundi. Unacho tayari kimoja kati ya viwili.

VETA ngazi zao za vyeti vya ufundi stadi ni NVA 1, 2 na 3, zamani ilikuwa trade test grade three, two, one, na bado utasikia watu wanataja hivyo hivyo. Nenda mwenyewe pale VETA Nyakato, usitume mtu, uliza mambo mawili. La kwanza kozi ndefu ya ufundi magari, masomo huwa yanaanza Januari na fomu zinatoka miezi kadhaa kabla. La pili, na hili watu wengi gereji hawalijui na linaniuma sana, uliza urasimishaji wa ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini, wanakupa kazi ya mikono wanakuangalia, wanakuuliza maswali, wakiona mahali una pengo wanakufundisha hilo pengo, ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika. Bosi wako mwenyewe mwenye miaka yake yote ya kazi angeweza kwenda, mwambie.

Ushauri wangu kwako lakini, kwa umri wako, usitafute njia ya mkato ya cheti tu. Urasimishaji unafaa kwa mtu wa miaka 35 mwenye familia na gereji. Wewe ukipata nafasi ingia kozi, wakikuona unaweza kuruka ngazi ya chini sawa, ila fika NVA 3. Kwa nini namba 3? Kwa sababu hiyo ndo inayofungua mlango wa vyuo vya NTA, yani ngazi za ufundi za juu ya VETA, unaanza level 4 unakwenda mpaka diploma, level 6, hata kama form four haikuwa nzuri, masharti ya kila chuo yanatofautiana kidogo kwahiyo soma mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huo. Hapo ndo unaongelea NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, Arusha Technical, na vingine. Ukiwa na diploma unaitwa fundi sanifu, ni daraja lingine kabisa la mshahara, na kesho ukitaka kufundisha ufundi kuna chuo cha walimu wa ufundi cha VETA pale Morogoro.

Kama Nyakato nafasi zimejaa usikae nyumbani kulia. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, viko 54 nchi nzima na vingi vina ufundi magari, kuna vyuo vya mashirika ya dini kama Don Bosco, na kuna mafunzo ya uanagenzi yanayolipiwa na serikali ambayo hutangazwa kila baada ya muda. Chuo cha binafsi kabla hujalipa hakikisha kimesajiliwa NACTVET, afu ingia karakana yao kwa macho yako. Hesabu injini. Uliza kama wana gari linalowaka. Kama hawana hata gari moja linalowaka, rudi nyumbani na hela ya mama yako.

Na hiyo laki sita naomba uitendee haki, mpunga haulimwi kirahisi. Ada ya VETA ya serikali huwa sio kubwa kama watu wanavyoogopa, kinachokula hela ni nauli, chakula, ovaroli, viatu vya usalama na vifaa. Wewe uko Mwanza, tokea nyumbani usilipe bweni. Jumamosi na likizo rudi kwa bosi, usimuage kwa ugomvi, mwambie unaenda kuongeza ujuzi na utamletea. Kwenye hiyo hela tenga kidogo ununue maltimita yako mwenyewe, sio ya gereji, yako. Seti kubwa ya spana utanunua baadaye, hata kimoja kimoja. Mita ndo itakutenga na vijana wengine kumi wanaojua breki na bushi kama wewe.

Nikuonyeshe kitu kimoja uanze nacho kesho asubuhi. Gari ikija stata inazunguka kwa uchovu, kabla bosi hajasema betri, weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini mahali pasafi pasipo na rangi, mwambie mtu apige stata. Mita ikisoma 0.1 au 0.2 waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na injini, ni mzima. Ikisoma volti moja na zaidi, umeme unapotelea kwenye huo waya, una kutu au umelegea, na unaweza kuuza betri tatu na stata mbili na gari bado itazunguka kwa uchovu. Nilikuta Hiace moja imeshabadilishiwa betri na stata, kumbe boliti ya ethi ilifungwa juu ya rangi mbichi baada ya kupigwa panel. Nikakwangua rangi kwa msasa nikakaza, ikawaka mara moja. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu.

Kuhusu kazi zipo wapi, mi nakuona uko mahali pazuri kuliko unavyojua. Geita iko hapo jirani, migodi inataka mafundi wa mitambo, na fundi mitambo anaanzia hapohapo kwenye injini ya dizeli na umeme ndo anaongeza haidroliki. VETA Moshi walianzisha programu ya mafundi wa migodini 2009 wakishirikiana na chemba ya wenye migodi, ulizia utaratibu wake ukoje sasa, ushindani ni mkubwa ila wanaoingia wanatoka kila mkoa. TEMESA ndo wanaotengeneza magari ya serikali na wana karakana mikoani, na kwenu ukiongezea vivuko vya ziwani kuna dizeli za majini. Kampuni za mabasi na malori zinataka watu wa Scania na Howo wasiolala. Ukija Arusha, gari za utalii ni Land Cruiser nyingi za 1HZ, hiyo ni dizeli ya 4.2 isiyo na kompyuta ya kukusumbua, ila ina taiming belti, ukiichelewesha ikakatika unakunja valvu na watalii wako katikati ya Serengeti. Nafasi za serikali zinatangazwa Ajira Portal, fungua akaunti mapema. Na kuna watu watakuja kukwambia Dubai au Oman kuna kazi ya gereji, ni kweli kazi zipo na nina wenzangu walioenda wakarudi na mitaji, ila usimpe mtu hela ya viza mtaani, pitia huduma ya ajira ya serikali au wakala aliyesajiliwa na uuone mkataba kwanza.

Magari ya umeme sasa. Ya umeme tupu bado machache, ila haibridi zipo tayari, Prius ilianza kuuzwa Japani 1997, Aqua ikaja mwishoni mwa 2011, na sisi tunanunua gari za Japani zikishatumika miaka, kwahiyo hesabu mwenyewe, ndo zamu yake kuja kwetu. Hizo bado zina injini, breki, bushi, shokapu, rejeta na AC, kinachoongezeka ni betri kubwa. Betri ya Prius nyingi ni volti 201 na ushee, na inveta inaupandisha juu zaidi, volti 500 na kuendelea kwenye baadhi. Hiyo haikutupi pembeni kama koili ya plagi, hiyo inaua. Waya wowote wa rangi ya chungwa usiuguse mpaka umefundishwa, kuna plagi ya usalama ya kuchomoa, kuna kusubiri kama dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, kuna glavu maalumu za kuhimili volti 1000, afu unapima kwanza kuhakikisha ni sifuri kabla ya kushika. Fundi anayejua hayo huko mbele atachagua wateja. Wa kukosa kazi ni yule anayejua kufungua na kufunga tu, na huyo hata IST imeshaanza kumshinda.

Gesi pia uitazame. Dar watu wanabadilisha magari kwenda kwenye gesi asilia na DIT, chuo cha teknolojia cha Dar, ni moja ya sehemu zinazofanya hiyo kazi, mtungi unajazwa mpaka karibu bar 200, kwahiyo sio kazi ya kujaribujaribu, ila aliyesomea anaheshimika.

Jambo moja nataka nikuombe kama kaka. Cha juu kwenye spea, achana nacho. Najua ndo kinachowalisha vijana wengi gereji, sensa ya laki unaiandika laki na arobaini, na ukilipwa elfu tano kwa siku kishawishi ni kikubwa, siwahukumu. Ila mteja wa leo ana simu, anauliza bei Dar akiwa amesimama hapohapo mbele yako. Taja bei ya ufundi wako waziwazi, mpe risiti ya duka, na kile kifaa cha zamani mrudishie kwenye mfuko akione. Wateja wangu wa kudumu wengi wameanzia kwenye huo mfuko. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde, hata bosi akikuharakisha, weka stendi. Nimezika mwenzangu kwa hilo.

Baba yako usibishane naye. Anakupenda, anaogopa, na alichokiona maishani mwake ni mafundi waliozeeka maskini chini ya mti, hajaona kingine. Siku ukienda kuuliza Nyakato mwombe mwende wote, aione karakana, aongee na mwalimu. Wazazi wengi wanageukia hapo.

Na huyo mteja wa IST mpigie simu kabla hajaenda gereji nyingine. Mwambie arudi asubuhi gari ikiwa ya baridi na hamtamtoza. Soma fueli trimu ikiwa sailensa na ikiwa 2500, kisha chukua kabukilina, ile dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, pulizia kidogokidogo kuzunguka maungio ya manifoldi ya hewa, mbali na bomba la moshi, na sikiliza kama mzunguko utabadilika. Niandikie hizo namba mbili.